Zamu ya Baba

Kidete,
8 Desemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Natanguliza salamu kabla ya mengine, maana mengine yakianza nitasahau.

Nimejifungua. Mtoto wa kike, mzima, ana sauti ya kuita treni isimame. Tumempa jina la mama, Editha. Goodluck alitaka jina la kisasa, nikamwambia la kisasa utampa wa pili. Amecheka akakubali. Yeye bado yuko Kilangali kwenye shamba la mbegu, anarudi Jumamosi. Barua hii ataibeba mpaka stendi ya Kilosa ampe Zabron, yule konda wa basi la Mikumi, aikuletee Kidodi. Ningekupigia, ila najua simu kwako ni mbu tu sikioni. Mara ya mwisho nilikuambia mimba ina miezi saba, ukanijibu kwamba mvua haijanyesha.

Sasa habari ya bwawa. Limefungwa bado. Hakuna wavu, hakuna ndoano, hakuna mgono, mpaka mwezi wa saba mwakani, samaki wazaliane. Usiwe na wasiwasi na nafasi yako. Kamati ilisema mvuvi aliyehama kutafuta riziki hapotezi nafasi kama kuna mtu wa nyumba yake anayemfanyia zamu ya doria. Mtu huyo ni mimi. Nilizunguka na tumbo, na mwezi ujao nitazunguka na mtoto mgongoni. Mama Joha, mwenyekiti wetu, alinitania mbele ya watu: "Baba yako aliacha ng'ombe kwao akafuata samaki, sasa kaacha samaki kafuata miwa. Kesho tutasikia analima mawingu." Nikamwambia, mama, akilima mawingu si mvua itanyesha na wewe upate mahindi? Watu walicheka.

Ndiyo hivyo baba. Nilinyoosha mkono bwawa lifungwe, na wewe ulinuna siku nzima. Lakini ukiona watoto wa perege walivyojaa sasa pembeni, utanisamehe.

Mwanao,
Marciana


Kidodi,
22 Desemba 2024

Mwanangu Marciana,

Marahaba. Nimepokea. Nimewasomea wenzangu hapa kambini, wamenipigia makofi kana kwamba nimezaa mimi.

Jina ni zuri. Sina la kuongeza.

Mimi sijambo. Mguu wa kushoto unaburuta kama kawaida yake. Kazi ni nzuri, nimepewa cheo, situmii panga sana siku hizi, naangalia wenzangu wanavyopakia malori. Wananiita nyapara. Kula yangu si mbaya.

Sikununa kwa sababu ulinyoosha mkono. Nilinuna kwa sababu ulikuwa na haki. Wavu wangu wa mwisho ulitoka na perege wadogo kama majani ya mwarobaini, na nilikuja nao nyumbani hivyo hivyo. Bwawa lilitaka kufungwa. Ila mimi mikono yangu haijui kitu kingine.

Mtoto ananyonya vizuri? Mama yako alipokuzaa wewe maziwa yalikuwa shida wiki za kwanza. Nijibu hilo.

Baba yako,
Budeba


Kidete,
12 Januari 2025

Baba,

Shikamoo.

Umeuliza maziwa. Nilitaka nisikuambie, lakini ukiuliza siwezi kukudanganya. Ni kidogo. Mtoto analia akimaliza, ananitazama kama nimemficha. Nesi wa zahanati alimpima, akasema uzito haupandi inavyotakiwa, nile vizuri. Nakula ugali na mchicha. Dagaa wa dukani wapo, ila wamekauka mpaka wanachoma midomo. Samaki mbichi hapa utampata wapi, na bwawa limefungwa?

Juzi nimeota nakunywa supu ya kambale. Ile unayoitengeneza wewe, na pilipili mbuzi na nyanya mbili, uliyokuwa unampikia mama. Nimeamka mate yamejaa. Ni tamaa tu ya mzazi, usiitilie maanani.

Zamu zako naendelea nazo. Mimi ni Jumanne na Ijumaa, upande wa tuta la reli. Kule kwenye matete, kwenye mazalia yenyewe, Jumatano analinda Mwinshehe. Na huyo Mwinshehe baba! Hatoki kwake mpaka aswali, anywe chai, amtafute kuku aliyepotea, jua limeshapanda. Nilimwambia kambale wangekuwa na akili wangeshajua saa zake. Akaniambia, "Kambale wa huku ni Waislamu, na wao wanaswali saa hiyo hiyo." Huyo mzee anafurahisha. Ananiita mjukuu na ananibebea kuni.

Imebaki miezi michache. Mwezi wa saba utasukuma mtumbwi wako mwenyewe, na Editha nitamkalisha ukingoni akuone.

Marciana wako


Kidodi,
26 Januari 2025

Mwanangu,

Marahaba.

Kunywa uji wa ulezi, wenye karanga. Usijinyime.

Huku mvua imeanza, malori yanakwama, kazi imepungua. Huenda nikapumzika siku chache.

Zamu zako bado ni Jumanne na Ijumaa? Ni vizuri ukapumzika siku nyingine, usitoke asubuhi na mtoto kwenye umande.

Budeba


Kidete,
9 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Ukisoma barua hii nijibu siku hiyo hiyo, tafadhali, mpe Zabron akipita.

Jumatano iliyopita Mwinshehe aliamka na homa. Alimtuma mkewe kwangu kwamba nimshikie zamu, na yeye atanishikia ya Ijumaa. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikachukua filimbi, nikaenda kwenye matete. Kulikuwa kunapambazuka, ukungu juu ya maji, unaona lakini huoni vizuri.

Kulikuwa na mtu. Amesimama majini mpaka kiunoni, ananipa mgongo, anavuta ndoano.

Baba, mimi niliogopa. Niko peke yangu na mtoto. Nilifanya tulivyofundishwa, nilipuliza filimbi kwa nguvu zangu zote. Mtoto akashtuka, akaanza kulia. Yule mtu hakugeuka mara moja. Nilipuliza tena nikasogea, nikapiga na kelele, "We! Toka majini!" Hapo ndipo alipogeuka kidogo, nadhani alikiona kivuli changu, akatoka akaingia kwenye matete. Alikimbia vibaya. Mguu mmoja ulikuwa unabaki nyuma.

Mama Joha na wengine walifika. Tulikuta kambale wawili kwenye majani, wametungwa kwa ugwe, wazima bado, wanahema. Mmoja alikuwa mkubwa sana, tumbo limejaa mayai. Mama Joha aliwafungua mwenyewe akawarudisha majini. Akasema, "Huyu mtu angetuibia kambale mia kwa kambale mmoja."

Nimewaambia niliona mgongo tu. Ni kweli niliona mgongo tu.

Baba, Jumatano ile ulikuwa wapi? Niambie ulikuwa Kidodi. Hilo tu.

Marciana


Kidodi,
16 Februari 2025

Mwanangu Marciana,

Marahaba.

Nilikuwa Kidodi. Kulikuwa na mvua kubwa, tulilala kambini siku nzima tukicheza karata.

Watu wenye miguu mibaya ni wengi duniani. Na mtu akikimbia kwenye tope hata mwenye miguu mizuri atachechemea.

Ulifanya vizuri kupuliza filimbi. Nasema tena, ulifanya vizuri. Usije ukawaza vingine. Ila sikupenda ulivyokwenda na mtoto peke yako. Huyo mtu angekuwa mbaya je?

Maziwa yanaendeleaje?

Budeba


Kidete,
2 Machi 2025

Baba yangu,

Shikamoo, tena shikamoo kubwa. Hujui ulivyonipumzisha. Nimeisoma barua yako nikalia kwa furaha mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, baba yangu alikuwa anacheza karata.

Maziwa yameongezeka kidogo kwa uji wa karanga. Editha anacheka sasa, anacheka akimwona mbuzi.

Lakini kuna jambo la kusikitisha. Wanamtuhumu Mwinshehe. Kamati inasema alijifanya mgonjwa ili akavue mwenyewe. Wanasema aliniachia zamu mimi kwa sababu mwanamke mwenye mtoto mgongoni hawezi kumfukuza mtu. Kuna aliyesema, "Mgonjwa gani wa homa mchana anaonekana anachota maji?" Mkewe ndiye alikuwa anachota, kwa mbali kanga yake na shuka la mumewe vinafanana. Nilimtetea, wakaniuliza, wewe uliona uso? Nikasema sikuona. Wakasema basi nyamaza.

Mkutano wa kijiji ni Jumamosi tarehe kumi na tano. Wakimwona na hatia anafutwa. Unaijua sheria yetu, aliyevua bwawa likiwa limefungwa hayagusi tena maji hayo maisha yake yote. Mwinshehe hana shamba, baba, lilichukuliwa na mafuriko ya Mkondoa. Anachosubiri ni mwezi wa saba kama wewe. Jana alikuja hapa, hakutania hata neno. Alikaa kwenye kigoda akamshika Editha kidole, akasema, "Mjukuu, wewe ulikuwepo. Waambie basi siyo mimi." Nikasema nitawaambia. Akaniuliza, "Utawaambia ni nani?"

Moyo wangu unaniambia siye yeye. Lakini kama siye yeye, ni nani, baba?

Mwanao,
Marciana


Kidete,
16 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Jana hukunipa nafasi ya kukuamkia.

Nilisubiri jibu la barua yangu, Zabron akasema hakuna. Nikaenda mkutanoni na hofu yangu. Mama Joha ameshasimama, ameshasoma jina la Mwinshehe, ndipo nikaona watu wanageuka nyuma. Na wewe unakuja, una tope mpaka magotini, kofia mkononi. Umekonda, baba. Hukuniandikia kwamba umekonda.

Mama Joha akauliza, "Mzee Budeba, wewe si uko Kidodi?" Ukasema, "Semeni kwa nguvu, masikio yangu yalibaki kwenye basi." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe, nilifikiri umekuja kunisaidia kumtetea Mwinshehe.

Ukasema, "Aliyevua ni mimi. Mwinshehe hajui lolote. Mwacheni."

Mama Joha akaja mpaka karibu yako, akakuuliza sikioni, na sauti yake haikuwa ya utani tena: "Mzee wetu, kambale wawili? Ulifuata nini wewe, miezi mitano kabla ya kufungua?" Nami nilijua umesikia, kwa sababu ulitazama chini. Ukasema, "Sikusikia swali." Akauliza tena. Ukasema tena hukusikia.

Nilisimama niseme. Nilitaka niwaambie aliyeomba ni binti yake, aliota supu, akamwandikia baba yake zamu za walinzi na saa wanazochelewa, akadhani anamchekesha. Ulininyooshea kiganja, kama ulivyokuwa unanizuia nisiguse jungu la moto. Nikakaa. Kwa nini nilikaa? Goodluck ananiambia nilikaa kwa sababu nina adabu. Mimi sijui kama ile ni adabu.

Wakakufuta. Wengine hawakunyoosha mkono, uliwaona? Mwinshehe hakunyoosha. Mama Joha alinyoosha wa mwisho, machozi yanamtoka, akasema sheria tuliyoitunga wenyewe tukiivunja kwa anayependwa, tutamfunga nayo nani?

Nilipofika nyuma ya watu ulishaondoka. Nilikukimbilia mpaka kwenye tuta, nikakuona mbali unafuata reli kwenda Kilosa. Nikaita. Halafu nikakumbuka kwamba husikii, ndiyo sababu hata filimbi ilipolia hukugeuka.

Baba, ile Jumatano nilikuita "we".

Marciana


Kidodi,
6 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba, na ile ya mkutanoni pia marahaba.

Nimechelewa kuandika. Nilikuwa natafuta maneno, nikaona nitaandika yaliyopo.

Hukuniomba. Ulisema ni tamaa tu, usiitilie maanani. Mimi ndiye niliyeitilia. Nilitaka nikubishie hodi saa moja asubuhi, samaki mkononi, nione uso wako. Sikutaka kingine. Ukisema mbele ya watu kwamba ilikuwa kwa ajili yako, wangesema tumepanga baba na binti, na wewe ungefutwa kwenye doria. Ndiyo maana sikusikia swali.

Hilo la kuniita "we" lifute. Ulimwita mwizi wa samaki, na alikuwepo. Hujanikosea.

Kinachonisumbua ni kingine. Yule kambale mkubwa, nilipomshika nilijua ana mayai. Mkono wa mvuvi unajua kabla ya jicho. Nilisimama naye majini nikasema nimwachie. Halafu nikawaza mtoto anavyokutazama ukimaliza kumnyonyesha. Nikamtunga. Siku nyingine nasema nilifanya sawa, siku nyingine nasema sikufanya sawa. Mama Joha ana haki, na mimi nina mjukuu. Vyote viwili ni kweli na sijui nani alitakiwa kusubiri.

Mwambie Mwinshehe namsalimu. Mtumbwi wangu mpe yeye. Wa kwake umeoza chini, nilimwambia tangu zamani, akawa anabishana.

Baba yako,
Budeba


Kidete,
3 Julai 2025

Baba yangu,

Shikamoo.

Wamefungua. Nimefikiri sana kama nikueleze au nisikueleze, nikaona ukisikia kwa wengine itakuuma zaidi.

Perege sasa ni wa kujaza kiganja, na wengine wanapita. Wavu wa kwanza ulipotoka watu walipiga vigelegele, wanawake tukajifunga kanga viunoni. Hata wale waliokuwa wanaitukana kamati walikuwa wanacheza. Jioni hiyo kila nyumba ilinukia samaki. Nilipika, nikala, Editha nikamlambisha mchuzi. Ana meno mawili. Nilikula vizuri, baba, halafu nikatoka nje nikakaa nyuma ya nyumba peke yangu.

Mwinshehe alikataa kuingia na mtumbwi wako siku ya kwanza. Alisema atauogopa. Siku ya pili njaa ilimwambia aache mambo hayo. Kila akirudi analeta fungu mlangoni kwangu, anaweka tu kwenye sufuria na kuondoka. Nafasi yako kamati imempa kijana anaitwa Tomasi, ametokea Kilosa. Si mbaya. Ila anatupa wavu kwa fujo.

Nilimwendea Mama Joha. Nikamwambia yote, supu na barua na kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho akachelewa hata kuanua nguo. Akasema mwakani ataleta hoja mkutanoni, mzazi aliyejifungua awe anapata kitoweo kwa kibali, hata bwawa likifungwa. Nikamuuliza, na baba? Akasema, "Sheria ikibadilika, mwanangu, inaanzia pale inapobadilika. Hairudi nyuma kumchukua mtu."

Lakini mimi nasema watu wanalainika. Miaka inapita. Baba, njoo tu. Usivue, kaa. Nyumba ipo, Goodluck anakutaka, mjukuu unaye. Zabron ameniambia ukweli wa kazi yako, kwamba wewe si nyapara, unaokota miwa inayodondoka nyuma ya malori. Kuna haja gani? Njoo ukae nasi.

Mwanao anayekusubiri,
Marciana


Kidodi,
20 Julai 2025

Mwanangu Marciana,

Marahaba.

Zabron ana mdomo. Ni kweli naokota. Si kazi mbaya. Unatembea, unainama, lori linakwenda.

Nimefurahi samaki wamerudi. Sisemi kwa kukuridhisha. Nilipofika pale ulipoandika perege wa kujaza kiganja nilinyoosha kiganja changu nikakitazama.

Kuja siwezi. Nitaamka asubuhi nisikie mitumbwi inasukumwa, hata mimi kiziwi hiyo nitaisikia kwa miguu. Nitakaa ukingoni watu wanisalimie kwa huruma. Tomasi atatupa wavu kwa fujo na mimi nimekatazwa hata kuingia kumwonyesha. Niache huku, mwanangu. Huku kwenye miwa hakuna maji ya kutazama.

Wewe endelea na doria, kwa jina lako sasa. Usiache kupuliza filimbi kwa sababu yangu.

Editha akikua akauliza babu yake ni nani, mwambie ni mtu wa miwa. Wala haitakuwa uongo. Usimwambie mengine, yatamchanganya.

Budeba


Kidete,
27 Julai 2025

Baba,

Shikamoo.

Hilo la mwisho sitalifanya. Mengine nimekutii tangu nazaliwa, hili hapana.

Jumamosi ninakuja. Goodluck alisema nisubiri mavuno, nikamwambia mavuno yatanikuta nimesharudi. Nitapanda na mtoto pale Kilosa, Zabron ameahidi kutukalisha mbele. Tukishuka Kidodi nitauliza kambi ya miwa iko wapi, na nikifika nitamuulizia mzee mvuvi. Wakiniambia hapa hakuna mvuvi, nitakaa kando ya barabara na Editha mapajani, malori yapite yote, mpaka utakapoinua kichwa utuone.

Marciana